Namna ya kumsimulia mgeni habari za wanenguaji wa Dallas Cowboys

Ukiishi Texas, Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru na kula bata mzinga, huikwepi. Televisheni inawashwa, Cowboys, timu ya Dallas ya mpira wa Kimarekani, wanacheza, na mgeni wako kutoka nyumbani, ambaye sheria za mpira ule hazimwingii kabisa, ana swali moja tu: hawa mabinti wenye vizibao vyeupe ni akina nani? Mapumziko yanatosha kumjibu.

Usianzie 1972, ingawa wengi ndiko wanakoanzia. Anza miaka ya sitini, timu ilipokuwa na CowBelles & Beaux: wanafunzi wa sekondari, wavulana kwa wasichana, wakishangilia pembeni kama walivyozoea shuleni. Uwanja haukuwajali. Meneja mkuu, Tex Schramm, aliwahi kufanya kazi katika kituo cha televisheni cha CBS, na mpira aliutazama kwa jicho la mtu wa televisheni. Hapa kaza sauti: hakutaka washangiliaji, alitaka wacheza dansi. Dee Brock, aliyekuwa akiwasimamia wale wanafunzi, akashirikiana na Texie Waterman, mwalimu wa dansi, na msimu wa 1972 wakaingia mabinti saba.

Kamera ikisogea, mwoneshe nguo. Blauzi ya buluu iliyofungwa fundo mbele, kizibao cheupe chenye nyota na vishada, na bukta nyeupe. Aliyebuni ni Paula Van Wagoner, na mshono wenyewe hadi leo ni uleule kwa sehemu kubwa. Shangazi yangu wa Tanga aliitazama ile bukta akauliza kama fundi aliishiwa kitambaa. Nikamwambia sare hiyo iko hadi kwenye makumbusho ya taifa, Smithsonian. Akaguna.

Kisha rukia Januari 1976, Super Bowl ya kumi, yaani fainali ya ligi, Miami. Kamera iliwakuta pembeni mwa uwanja. Basi! Cowboys walifungwa na Steelers, timu ya Pittsburgh, 21 kwa 17, lakini Marekani nzima ikataka kuwajua mabinti wale. Mwaka huohuo Suzanne Mitchell akashika usukani, mama mkali: uhusiano na wachezaji ulikuwa marufuku. Ziara za kutumbuiza wanajeshi ng'ambo, zilizoanza 1979, zitaje kwa sentensi moja. Mgeni hatauliza zaidi.

Atakachouliza ni hiki: "Na hawa, wanalipwa?" Usikwepe, maana mimi naona historia yao yote imelalia hapo. Kwa miaka mingi walipewa dola 15 kwa mechi, wakati sura zao zikiuza mabango na kalenda. Mwaka 2018 aliyewahi kuwa mmoja wao aliishtaki timu kuhusu malipo, na 2025 zikatoka habari kwamba malipo yamepandishwa kwa takriban asilimia 400. Taja miaka vizuri, asije akadhani dola 15 ndiyo ya leo.

Akitaka kujua wachezaji wanapata kiasi gani, mpakulie kwanza bata mzinga.