Jino Lililotoboka Huzibwaje? Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wagonjwa wengi tunaowapokea hapa Mombasa husema jino limeingiwa na mdudu, na huomba ling'olewe siku hiyo hiyo. Hakuna mdudu. Bakteria waishio katika utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, nayo huyeyusha madini ya ganda la nje kila pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) inaposhuka chini ya takriban 5.5. Mate huyarudisha madini hayo yakipata nafasi, lakini mtoto anayemung'unya mabuyu tangu adhuhuri hadi magharibi, sukari ikiwa imenata katika mifereji ya magego, huyanyima mate nafasi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kupima kina cha tundu. Jino linaloshtuka kwa maji baridi au haluwa, kisha likatulia mara moja, kwa kawaida bado linazibika. Likipwita lenyewe usiku, huenda kiini chenye neva kimeathirika, na hapo mgonjwa huhitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa jino. Doa jeupe ambalo halijatoboka halichimbwi. Hutibiwa kwa floraidi.

Pili, sindano ya ganzi hudungwa, hasa tundu likiwa limezama.

Tatu, uozo huondolewa, na hapa ndipo haraka huharibu kazi. Kingo za tundu husafishwa hadi zibaki ngumu kabisa, kwa kuwa kijazo hushika hapo. Lakini karibu na kiini ni afadhali kuacha tabaka jembamba lililolainika kidogo kuliko kukifichua kiini ambacho kingali hai.

Nne, jino huzungushiwa pamba ili mate yasiingie, hupakwa asidi maalumu kwa takriban sekunde 15, huoshwa, hukaushwa, kisha hupakwa gundi. Kompositi, yaani kijazo chenye rangi ya jino, huwekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja likigandishwa kwa mwanga wa buluu. Kwa mtoto asiyetulia mimi hupendelea glasi-ionoma, aina nyingine ya kijazo, ambayo huvumilia unyevu kuliko kompositi na hutoa floraidi.

Mwisho, mgonjwa huuma karatasi ya rangi, na palipoinuka hupunguzwa. Asitafune hadi ganzi iishe, na mtoto achungwe asijing'ate mdomo. Akihisi kesho yake kwamba jino hilo hutangulia kugusana akifunga kinywa, arudi lisawazishwe.