Jinsi ya Kuripoti Kazi ya Saa Chache kwa Anayepokea SSI au SSDI Nchini Marekani

Watu wengi wanaopokea fedha za serikali ya Marekani kwa sababu ya ulemavu huogopa kuajiriwa hata kwa saa 10 kwa wiki, kwa kudhani kwamba mshahara wa kwanza ukiingia, fedha hizo hukatwa zote. Sheria haisemi hivyo. Kinachowatia watu hasara mara nyingi ni mshahara ambao haukuripotiwa, au ulioripotiwa kwa kuchelewa, kisha baada ya miezi mingi ikaja barua ya Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao haya, inayodai maelfu ya dola. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuripoti ili barua hiyo isije, na la kufanya ikiwa imekwisha kuja.

Kabla ya jambo lolote, hakikisha unajua ni fedha zipi unazopokea. SSI ni ruzuku ya mtu mwenye kipato kidogo ambaye ni mlemavu, kipofu au ametimiza miaka 65, hata kama hajawahi kufanya kazi Marekani. SSDI hulipwa mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security kwa muda wa kutosha kabla ya kupata ulemavu. Fedha zinazoingia benki tarehe 1 ya mwezi kwa kawaida ni SSI, na wapo wanaopokea zote mbili. Usikisie, kwa sababu kanuni zake kuhusu kazi zinatofautiana sana. Piga simu Social Security kwa namba 1-800-772-1213 na uombe taarifa iitwayo BPQY, ambayo hutolewa bure kwa mpokeaji na huonyesha aina ya mafao yako, bima yako ya afya na mishahara iliyokwisha kuandikwa katika faili lako. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mashine ikianza kuuliza maswali kwa Kiingereza, kaa kimya hadi mfanyakazi apokee, kisha utaje lugha yako. Mtoto wa shule asibebeshwe kazi ya kutafsiri mambo haya, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha nyumba nzima.

Ukishaajiriwa, toa taarifa mara moja bila kusubiri mshahara wa kwanza. Taja jina na anwani ya mwajiri, tarehe ya kuanza, malipo kwa saa, idadi ya saa kwa wiki na siku za malipo. Sheria ya mwaka 2004 inaitaka ofisi impe stakabadhi mtu mwenye ulemavu anayeripoti kazi yake au mabadiliko ya mshahara, kwa hiyo usiondoke dirishani bila karatasi hiyo, na ukiripoti kwa simu, andika tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia.

Kwa anayepokea SSI, kuripoti ni jambo la kila mwezi. Mshahara wa mwezi uliokwisha unatakiwa kuripotiwa si zaidi ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na anayetumia programu ya simu ya kuripoti mishahara ya SSI, au huduma yake ya simu ya kujiendesha, hutakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 6 za mwanzo wa mwezi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo soma hati ya mshahara kwa utulivu. Kiasi kinachoripotiwa ni mshahara mzima kabla ya kodi na makato mengine, wala si kile kilichoingia benki. Pia kinachohesabiwa ni tarehe ya kulipwa: kazi uliyoifanya wiki ya mwisho ya Aprili ukalipwa tarehe 2 Mei ni mshahara wa Mei.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ikiwa huna kipato kingine, Social Security huacha dola 20 za kwanza, kisha dola 65 nyingine za mshahara, halafu hugawa kinachobaki kwa mbili. Tuseme mtu anafanya usafi hotelini na kulipwa dola 300 kila baada ya wiki mbili, yaani dola 600 kwa mwezi. Ondoa 85, zinabaki 515, na nusu yake ni 257.50. Kiwango cha juu cha SSI cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967, kwa hiyo SSI yake inakuwa dola 709.50. Ukijumlisha na mshahara, ana dola 1,309.50 kabla ya kodi, badala ya 967 alizokuwa nazo akikaa nyumbani. Viwango kwa kawaida hupanda kila Januari na baadhi ya majimbo huongeza kidogo juu yake, lakini mtindo wa hesabu ni huohuo.

Sasa angalia mwezi wenye siku tatu za malipo, ambao huwajia mara mbili kwa mwaka wanaolipwa kila baada ya wiki mbili. Mtu yuleyule, bila kuongezewa saa hata moja, atahesabiwa dola 900, na SSI yake itashuka hadi 559.50. Isitoshe, mshahara wa mwezi mmoja kwa kawaida hupunguza SSI ya miezi miwili mbele, yaani wa Mei hugusa malipo ya Julai. Asiyelijua hili huona Julai amepunguziwa, akadhani ofisi imekosea, kumbe ni Mei ile ya malipo matatu. Weka akiba kidogo kwa ajili ya mwezi huo, lakini kumbuka kwamba fedha na mali zinazohesabiwa hazitakiwi kuzidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa wanandoa, kiwango ambacho hakijabadilishwa tangu mwaka 1989 na ambacho, kwa maoni yangu, kimepitwa na wakati kabisa.

Yapo mapunguzo ambayo ofisi haiwezi kukupa usipoyaomba. Gharama unazolipa mwenyewe kwa sababu ya ulemavu ili uweze kufanya kazi, kama vile dawa, vifaa au usafiri maalumu, zinaweza kuondolewa kabla ya mshahara kugawanywa. Yule wa hotelini akithibitisha dola 100 za namna hiyo kwa mwezi, SSI yake hupanda kutoka 709.50 hadi 759.50. Peleka risiti pamoja na barua ya daktari inayoeleza uhusiano wa gharama hiyo na hali yako. Kijana aliye chini ya miaka 22 na anayesoma ataje shule yake, kwani sehemu kubwa ya mshahara wake inaweza isihesabiwe kabisa. Na hata mshahara ukipanda hadi SSI ikawa sifuri, Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kuendelea kwa mtu ambaye bado ana ulemavu na anaihitaji bima hiyo, mradi mshahara wake haujavuka kiwango cha jimbo lake. Hili liulize kwa maneno wazi kabla hujakataa saa za ziada.

SSDI haina hesabu ya nusu kwa nusu. Kwanza unapewa miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miezi 60, na miezi hiyo si lazima ifuatane. Mwaka 2025 mwezi ulihesabiwa kuwa wa majaribio mshahara wake ulipozidi dola 1,160, na katika miezi hiyo SSDI hulipwa yote. Baada ya hapo huanza miezi 36 ambayo kila mwezi hutazamwa peke yake: mshahara wako ukizidi kiwango, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620, au 2,700 kwa kipofu, hulipwi kitu, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kuzidi na miwili inayoufuata; usipozidi, unalipwa yote. Dola chache za ziada zinaweza basi kukukosesha malipo ya mwezi mzima, na ndiyo sababu gharama za ulemavu zilizotajwa hapo juu, ambazo hapa pia hutolewa kwenye mshahara, ni muhimu zaidi. Ofisi ikikutumia fomu SSA-821 kuuliza kuhusu kazi yako, ijaze na kuirudisha kwa wakati, ukibaki na nakala.

Barua ya malipo yaliyozidi ikifika, soma tarehe yake kabla ya kiasi kinachodaiwa. Ikiwa unaamini hesabu si sahihi, kata rufaa kwa fomu SSA-561 ndani ya siku 60. Ikiwa hesabu ni sahihi lakini kosa halikuwa lako na huna uwezo wa kulipa, omba msamaha wa deni kwa fomu SSA-632, na uiwasilishe ndani ya siku 30 ili makato yasianze kabla ya uamuzi. Hapa ndipo stakabadhi na hati za mshahara ulizohifadhi zitakapokutetea.

Msaada wa chakula na wa kodi ya nyumba una ofisi zake, na kuripoti Social Security hakukuondolei wajibu wa kuripoti huko. Kwa ushauri wa bure juu ya mafao yako yote kwa pamoja, piga simu ya Ticket to Work, mpango wa Social Security wa kuwasaidia wapokeaji kufanya kazi, 1-866-968-7842, uombe kuunganishwa na mshauri wa WIPA, yaani huduma ya ushauri kuhusu kazi na mafao, wa eneo lako.

Kazi ikiisha au saa zikipunguzwa, ripoti siku hiyohiyo, kwa sababu SSI haitapanda ikiwa faili bado linaonyesha mshahara wa zamani. Taja pia tarehe utakayolipwa mshahara wa mwisho na malipo ya likizo, maana yatahesabiwa katika mwezi utakaoyapokea, hata kama kazi uliiacha mwezi uliotangulia.