Ashwagandha: mmea unaoharibiwa kwa kudekezwa

Aliyezoea mchicha akipanda ashwagandha, mmea wa dawa wa India, humwagilia maji mfululizo na kurundika samadi. Shamba litanawiri, lakini siku ya kung'oa atavuna majani. Kinachouzwa ni mzizi, na mzizi hunenepa udongo ukikauka.

Ndiyo maana zao hili limeshika Mandsaur na Neemuch, jimbo la Madhya Pradesh, India: udongo mwepesi usiotuamisha maji, pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 7.5 hadi 8, na majira makavu ya baridi baada ya mvua. Mbegu humwagwa Julai hadi Agosti, mvua zikishatulia. Ukiwahi, miche hufa kwa kinyausi, ugonjwa wa kuoza miche michanga. Kumwaga shambani huchukua kilo 10 hadi 12 kwa hekta. Kwa kitalu, kilo 5 zinatosha. Fukia sentimita 1 hadi 3 tu, na usitumie mbegu iliyolala miaka, haitaota vizuri. Baada ya siku 25 hadi 30, punguza miche ibaki 30 hadi 60 kwa mita mraba. Ukiihurumia, mizizi itabaki nyembamba kama kamba. Mmea huu ni ndugu wa nyanya na bilinganya, hivyo usiufuatishe baada ya mazao hayo. Minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi, watakuwa wanausubiri.

Vuna siku ya 150 hadi 180, majani yakinyauka na vitunda kuwa vyekundu. Ng'oa mmea mzima, kata shina sentimita 1 hadi 2 juu ya mzizi, mzizi ugawe vipande vya sentimita 7 hadi 10, kisha kausha. Vunja kimoja: kikikatika kwa mlio na ndani kuwa cheupe chenye wanga, ni daraja la juu. Kikiwa na nyuzinyuzi, bei inashuka. Hekta hutoa kilo 300 hadi 500 za mizizi mikavu.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, unga wa mzizi, gramu 3 hadi 6 kwa siku, hunywewa na maziwa ya moto kuongeza nguvu na kuleta usingizi. Tafiti ndogo zimeonyesha nafuu ya msongo na usingizi bora. Kwamba unaponya kila kitu ni maneno ya wauzaji. Mjamzito asiuguse. Mwenye tatizo la tezi ya shingo au ini, au anayetumia dawa za usingizi, kisukari ama presha, amuone daktari kwanza, kwani yameripotiwa madhara ya ini. Nunua mzizi mzima usage mwenyewe: ungani ndimo majani makavu yanakofichwa.