Barua pepe ya ofisi Tabora kwenye seva yenu wenyewe

Kikundi cha wafuga nyuki kinachotuma ankara za asali kwa anwani ya bure hakimiliki anwani hiyo. Siku ikifungwa, mawasiliano yote na wanunuzi yamekwenda nayo. Mwongozo huu unaifaa ofisi yenye watumiaji kama kumi na fundi aliyezoea kuandika amri kwenye Linux.

1. Jina kwanza, mashine baadaye

Nunua domeni (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) kwa msajili aliyeidhinishwa kuuza majina ya .tz. Hapa tutatumia mfano.co.tz. Iandikishwe kwa jina la kikundi, si la fundi. Anwani ya mawasiliano mnayompa msajili isiwe ndani ya domeni hiyohiyo, maana seva ikilala hamtaipata barua ya kubadilisha nenosiri. Mashine ikiharibika mnakodi nyingine na kuelekeza jina huko. Jina likibaki kwa fundi aliyehamia Mwanza, hakuna amri itakayolirudisha.

2. Seva isikae ofisini

Umeme kukatika si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani: Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) ya mtumaji huendelea kujaribu hadi siku 5 kabla ya kurudisha barua. Kikwazo ni IP, yaani namba ya mashine kwenye mtandao. Laini za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo seva haifikiki kutoka nje wala huwezi kupewa rekodi ya PTR, inayoonyesha IP ni ya jina gani. Kodi VPS (seva ya kukodi mtandaoni) yenye IP yake, RAM GB 2, diski GB 40 na Debian 12. (Debian 13 ina toleo la 2.4 la Dovecot, programu inayowapa watumiaji barua zao, na mipangilio ya 2.3 haifanyi kazi humo.) Lipia mwezi mmoja tu, kisha jaribu:

nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25

Ikikaa kimya bila jibu, poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, imefungwa. Mwombe mtoa huduma aifungue. Akikataa, hama mapema.

3. Rekodi za DNS, kitabu cha anwani cha mtandao

- A: barua.mfano.co.tz → IP ya seva
- MX (seva inayopokea barua): mfano.co.tz → barua.mfano.co.tz
- TXT ya SPF (seva zinazoruhusiwa kutuma): v=spf1 mx -all
- TXT ya _dmarc (barua ikishindwa ukaguzi ifanywe nini, na ripoti ziende wapi): v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@mfano.co.tz

SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili, wapokeaji huzihesabu zote kuwa mbovu. PTR huwekwa kwenye paneli ya mwenye VPS, si kwa msajili wa domeni, na lazima irudishe barua.mfano.co.tz. Hakikisha kwa dig -x ukifuatisha na IP. Kama IPv6 haina PTR, andika inet_protocols = ipv4 kwenye Postfix, la sivyo Gmail itakataa barua zinazopitia huko.

4. Programu

apt install postfix dovecot-imapd rspamd redis-server certbot
certbot certonly --standalone -d barua.mfano.co.tz --deploy-hook "systemctl reload postfix dovecot"

Poti 80 iwe wazi. Usiiache hiyo deploy-hook: cheti cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na bila kuamshwa Dovecot huendelea kutoa cheti cha zamani hadi simu za watu zianze kulalamika.

Kwenye /etc/postfix/main.cf:

myhostname = barua.mfano.co.tz
myorigin = mfano.co.tz
mydestination = $myhostname, mfano.co.tz, localhost
mynetworks = 127.0.0.0/8
home_mailbox = Maildir/
smtpd_sasl_type = dovecot
smtpd_sasl_path = private/auth
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination
smtpd_milters = inet:127.0.0.1:11332

Elekeza pia smtpd_tls_cert_file na smtpd_tls_key_file kwenye cheti kipya. Usipanue mynetworks ili kumrahisishia mtu aliyeshindwa kuingiza nenosiri. Ukiifungua kwa wote, matapeli watatuma barua taka kupitia kwako, na kuitoa IP kwenye orodha nyeusi huchukua muda mrefu.

Upande wa Dovecot, weka mail_location = maildir:~/Maildir, cheti kilekile, na soketi ya auth ndani ya /var/spool/postfix/private/. Watumiaji huongezwa kwa adduser --shell /usr/sbin/nologin. Kwenye master.cf washa submissions, yaani poti 465, pamoja na SASL yake (ukaguzi wa nenosiri la anayetuma). Simu zisome barua kwa poti 993 na zitume kwa 465.

5. DKIM (sahihi ya barua), panapokwama wengi

mkdir -p /var/lib/rspamd/dkim
rspamadm dkim_keygen -s dkim -b 2048 -d mfano.co.tz -k /var/lib/rspamd/dkim/mfano.co.tz.dkim.key
chown -R _rspamd /var/lib/rspamd/dkim

Bila chown, Rspamd (inayochuja barua taka na kutia sahihi) haiwezi kuusoma ufunguo: barua hutoka bila sahihi, na mtumiaji haoni kosa lolote. Amri ya keygen itakuandikia rekodi ya kuweka kwenye dkim._domainkey. Ufunguo wa biti 2048 una herufi 392, ilhali kipande kimoja cha TXT hubeba 255 tu. Paneli nzuri huugawa yenyewe; nyingine huukata kimyakimya. Uliza:

dig +short TXT dkim._domainkey.mfano.co.tz

Vipande viwili vilivyofungwa kwa alama za kunukuu, ukiviunga, viwe sawasawa na ulichonakili, hadi herufi ya mwisho.

6. Kujaribu

Jitumie barua kwenye Gmail, ufungue vichwa vyake. Tafuta spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass. Zote tatu. Isipofika, tazama postqueue -p na journalctl -u postfix@-.service. Jibu linaloanza na 4 ni la kusubiri. Linaloanza na 5 ni kukataliwa, na mara nyingi sababu imeandikwa hapohapo. Wiki za mwanzo tuma barua chache kwa watu watakaojibu. IP ngeni inayomwaga mamia kwa siku hushukiwa. Ripoti za DMARC zikiwa safi kwa wiki kadhaa, badilisha p=none iwe p=quarantine.

7. Nakala irudi Tabora

Hapa kompyuta ya ofisini inapata kazi. Kila usiku ivute kwa rsync /home, /etc/postfix, /etc/dovecot, /etc/rspamd na /var/lib/rspamd/dkim. Kwenye Maildir kila barua ni faili lake, hivyo baada ya usiku wa kwanza zitavutwa mpya na zilizobadilika tu, na bando halitaumia. Mara moja kila miezi mitatu, kodi VPS ya pili kwa siku moja, rudisha nakala humo, na ufungue kisanduku cha mauzo. Barua ya juu kabisa iwe ya jana.