Kufunga kiti cha mtoto kwenye pikapu: kazi kubwa iko nyuma ya siti

Maelezo haya ni ya pikapu ya kabini mbili, kama Hilux tunazozishika kila siku gerejini hapa Njombe. Mwenye kabini moja ajue hili tu: kiti kinachotazama nyuma hakifungwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko papo hapo. Kama hauzimiki, mtoto apande gari jingine. Kule nyuma kwenye bodi ya mizigo sitaki hata kukujadili.

1. Toa vyombo. Jeki, spana ya magurudumu, panga, vyote vilivyolala ovyo nyuma. Breki ya ghafla huvirusha.

2. Kagua kiti. Tafuta kibandiko cha R44 au R129, yaani viwango vya usalama vya viti vya watoto, na tarehe ya kutengenezwa. Cha mtumba usichojua kilikotoka, achana nacho. Huenda kimeshapita kwenye ajali. R129 inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Mimi namwacha hivyo hadi kilo au urefu ulioandikwa kwenye kiti umshinde.

3. Pitisha mkanda wa gari. Kwenye viti vingi vya Ulaya alama za bluu ni njia ya mkanda kwa kutazama nyuma, nyekundu ni kwa kutazama mbele. Siti ya nyuma ya pikapu imesimama wima, na kilazio cha kichwa mara nyingi hukisukuma kiti mbele; king'oe kama kitabu cha gari kinaruhusu. Bonyeza kiti kwa goti, vuta mkanda mpaka ulegevu uishe. Kisha shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya.

4. Mkanda wa juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Huu ni mkanda wenye ndoano unaotoka juu ya mgongo wa kiti cha mtoto kinachotazama mbele, huzuia kisiiname kuelekea dashibodi. Pikapu haina buti, kwa hiyo pa kushikiza ndoano hiyo hupatafuti sakafuni. Laza siti, washa tochi, angalia nyuma ya mgongo wake. Pikapu nyingi zina vitanzi vya kitambaa: mkanda unapita kwenye kitanzi cha siti ya mtoto, halafu ndoano inashika kitanzi cha jirani. Nyingine zina chuma maalumu. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Nilipomfungia binti yangu mara ya kwanza, nilitia ndoano kwenye kibano cha jeki. Kilionekana kigumu kweli. Nilipokigeuza nikakuta kimeshikwa na skrubu mbili nyembamba kama za redio. Pete za kufungia mzigo nazo usiziguse.

5. Mfunge mtoto. Anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Jaribu kuubana utepe kwa vidole viwili kwenye mtulinga. Ukipata mkunjo, kaza tena. Asubuhi za Juni huku kwetu ni baridi kali na mama atakuletea mtoto kavaa koti nene. Livue, mfunge, ndipo umfunike blanketi juu ya mikanda. Koti hubonyea kwenye ajali, na mikanda inabaki imelegea.

Ukishapita barabara ya vumbi yenye mashimo, rudia kukitikisa kile kiti kabla hujampandisha tena.