Mnadhimu, kabla hujampa kamanda saa ya kumaliza kuvuka, rusha dadu

Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovunja daraja la Kyaka, Mto Kagera ukawa kazi ya wahandisi wa medani. Mpaka leo maofisa vijana nawapa fumbo la mtindo huo: magari 120, daraja la muda la mita 60, kamanda anauliza mtamaliza kuvuka saa ngapi.

Anza na uzito. Daraja lina namba yake ya uzito linaoubeba, na gari lina yake kwenye kibao cha duara cha njano. Ya gari ikizidi, halipiti, hata dereva aape.

Kisha muda. Lori la mita 10 likipita peke yake kwa kilomita 8 kwa saa, linatembea mita 70 mpaka mkia utoke darajani: sekunde 32 hivi. Mara 120, ni saa 1 na dakika 4.

Hapo ndipo nilipoumbuka nikiwa luteni. Kwenye zoezi moja la masika nilimpelekea kamanda hesabu hiyo kavu kavu. Lori la tatu likazama kwenye tope la ng'ambo, la nne likasimama katikati ya daraja, nami nimeshika karatasi yangu.

Siku hizi natumia dadu mbili. Kwa kila gari, rusha. Zikitoka sita kwa sita, limekwama, ongeza dakika 15. (Makadirio hayo yaulize kwa madereva na mafundi wa karakana. Wao ndio wanaolijua tope.) Ukishauelewa mchezo, uhamishie kwenye Excel, uucheze mara 1,000. Kwa wastani yatakwama magari matatu na ushee. Lakini mara 12 hivi katika 100 yatakwama sita au zaidi, na sita tu yanakufikisha saa 2 na dakika 34.

Sasa gusa kitu kimoja kimoja. Ongeza mwendo mara mbili: siku hiyo ya magari sita inashuka hadi saa 2 na dakika 2. Rudisha mwendo wa mwanzo, weka gari la winchi ng'ambo ili kukwamua kuchukue dakika 5: saa 1 na dakika 34. Makamanda hupenda mwendo. Muwekee mezani majibu yote mawili, kisha omba winchi.

Na winchi ivuke ya kwanza. Nimewahi kuiona imepangwa mkiani mwa msafara, gari la 120.