Jinsi ya kupima unavyoumudu mkono bandia kwa gemu, ukiwa nyumbani

Hii ni kwa wanaotumia mkono bandia wa umeme, ule unaosoma misuli kwa sensa, yaani vidude vinavyogusa ngozi. Gemu nalo unalicheza kwa kukaza misuli hiyohiyo. Tunachotafuta hapa ni kujua unaimudu vipi hiyo misuli, sio rekodi ya gemu, maana nawaona wengi pointi zinapanda kila siku lakini wakishika kikombe kinawaponyoka, na inaniuma kwa sababu mtu kajituma kweli.

Hatua ya 1: Futa mafuta kwenye ngozi, ikiwa kavu sana pangusa na kitambaa chenye maji kidogo. Sensa zikae palepale pa siku zote, moja juu ya misuli ya kukunja kifundo cha mkono, nyingine ya kukunjua. Zikisogea kidogo tu vipimo vya leo na jana havilingani tena.

Hatua ya 2: Chagua gemu ambalo ukikaza kidogo kitu kinaenda polepole, ukikaza sana kinakimbia. Yale ya kubonyeza harakaharaka achana nayo.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka: angalia ile mistari miwili ya misuli kwenye skrini. Ukikunja, mstari wa kukunjua utulie chini. Ikipanda yote pamoja kuna shida, maana kwenye mikono mingi kukaza misuli yote miwili kwa mpigo ndo amri ya kubadilisha mshiko, so unataka kufungua kiganja, mkono unabadilisha mshiko bila kuuambia. Cheza kiwiko kikiwa mezani, halafu rudia umenyoosha mkono mbele, halafu umeuinua kama unafikia kitu kabatini. Mtu anaweza kuwa fundi kabisa akiwa amekaa, akiinua tu mkono uzito unavuta soketi (lile ganda linalovaliwa kwenye kigutu), misuli inabadilika umbo na kila kitu kinavurugika. Andika matokeo ya kila mkao peke yake.

Hatua ya 4: Linganisha raundi ya kwanza na ya mwisho uone uchovu. Ukisikia maumivu acha.

Hatua ya 5: Sasa vaa mkono wenyewe. Kliniki tunatumia boksi lenye kizuizi katikati na vibloku 150 vya sentimita 2.5, unahamisha kimojakimoja kwa sekunde 60. Nyumbani vibloku vyovyote vidogo vinatosha, ila visibadilike. Pointi za gemu zikipanda na idadi ya vibloku imeganda palepale, badilisha gemu.

Jirekodi video umtumie mtaalamu wako, na kamera ioneshe bega na mgongo pia, kwa sababu unaweza kuhamisha vingi kumbe kiwiliwili ndo kinafanya kazi ya mkono.